Tumeambiwa tununue "pacha wa kidijitali" wa mtandao wa maji. Kuna aliyewahi kumtumia kweli?

Mhandisi_wa_Zamu ameandika:

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mhandisi wa usambazaji kwenye mamlaka moja ya maji, mji wa mkoa, jina tuliache. Wateja 31,000 na ushee, vyanzo viwili, matenki 7, na mgao karibu kila mtaa isipokuwa kule wanakokaa wakubwa. Upotevu wa maji kwenye ripoti ya mwezi uliopita ni asilimia 38, na EWURA, wadhibiti wa huduma za maji na nishati, wanatutaka tushuke hadi 20.

Wiki iliyopita walikuja jamaa wa kampuni fulani na projekta yao, wanauza huyo pacha, yaani nakala ya mtandao wa mabomba ndani ya kompyuta. Wakatuonyesha mji wa watu huko nje, mabomba yote yanawaka rangi, bluu ni presha nzuri, nyekundu ni presha mbaya. Jamaa anabofya bomba, linapasuka palepale kwenye kompyuta, mfumo unamwambia valvu zipi azifunge na nyumba ngapi zitakosa maji. Mkurugenzi alinyamaza kama yuko ibadani. Jioni akaniita: "Kijana, hiki kitu tukiweke kwenye bajeti kabla haijafungwa."

Sasa niwe mkweli kuhusu tulicho nacho. Ramani ya mabomba iko kwenye QGIS, programu ya ramani, lakini nusu yake niliichora kwa kumuuliza fundi mmoja ambaye alistaafu mwaka jana. Dira kubwa za kupima maji yanayotoka kwenye matenki ziko 11, zinazosoma ni 4, na moja kati ya hizo 4 siiamini. Geji za presha tunazo mbili, tunazunguka nazo kwenye pikipiki. Kuna modeli ya EPANET, programu ya kukokotoa presha na mtiririko kwenye mabomba, iliyoachwa na mshauri wa mradi mwaka 2014. Nilipoifungua juzi ikanipa presha hasi nusu ya mji.

Swali langu: hiki kitu kinasaidia mji wa mgao kama wetu, au ni televisheni ya bei ghali ukutani kwa bosi? Na kama kinasaidia, tuanzie wapi? Nawasilisha.

Nati_Bolti:

Mkuu, pacha wa kwanza anaitwa Kulwa, wa pili Doto. Kulwa wako yuko ardhini na hujui amelala ubavu gani. Huyo Doto unayetaka kumnunua atafanana na nani?

Halafu ukishamnunua tutumie picha ya skrini. Huku kwetu maji yametoka Jumanne.

Valvu_ya_Kushoto:

Kijana, usimcheke Nati_Bolti, kakujibu nusu ya swali. Mimi nimekaa kwenye mitandao ya maji miaka 27, sasa niko Rungwe na miparachichi yangu. Nikupe kisa kimoja kwanza. Mamlaka siitaji, na lawama nyingine ni zangu mwenyewe, nilikuwa mkuu wa idara.

Tulipata kijana mzuri sana wa kompyuta, akajenga modeli ya mji mzima, mabomba yote ya inchi 3 kwenda juu. Kulikuwa na mtaa mmoja mwisho wa bomba la plastiki la inchi 6, kama kilomita 2 kutoka kwenye tenki, bomba limelazwa 2009. Modeli inasema pale mwisho tuwe na presha ya bar 3.6. Tukaenda na geji kwenye koki ya shule ya msingi, saa 1 asubuhi, kila mtu anachota. Bar 1.2. Kesho yake tukarudi, 1.2. Tukabadilisha geji, 1.1.

Wewe unajua mhandisi wa ofisini anafanya nini modeli ikikataa kukubaliana na geji. Ana namba moja ya kuchezea, ile C ya Hazen-Williams inayosema bomba ni laini kiasi gani kwa ndani. Plastiki ni 140, hata 150. Kijana akashusha 120. Akashusha 100. Akafika 65, modeli na geji zikashikana mikono. Tukapiga makofi, karatasi ikabandikwa ukutani, ripoti ikaandikwa modeli imerekebishwa kulingana na hali halisi.

C ya 65 ni bomba la chuma lililoliwa na kutu nusu karne. La kwetu lilikuwa plastiki na lilikuwa na miaka mitano. Hakuna aliyeuliza. Mimi sikuuliza.

Aliyeuliza ni mzee mmoja mfungua valvu, hana cheti hata cha darasa la saba. Alikuwa koridoni anasubiri posho yake, akaitazama ile karatasi, akasema, "Hapo penye wekundu si ndipo kwenye ile valvu ya kushoto?"

Valvu nyingi zetu zinafunga kwa kuzungusha kulia. Lakini kila mradi wa mfadhili ulikuja na valvu zake, na baadhi zinafunga kushoto. Kwa juu huwezi kuzitofautisha, zote ni kichwa cha mraba ndani ya shimo lenye tope. Ile ilikuwa chini ya kibanda cha mama ntilie. Tukamwomba ahamishe majiko, tukafukua. Ikaja kubainika kwamba mwaka mmoja nyuma bomba lilipasuka, likatengenezwa, fundi kijana akaenda "kuifungua" kwa kuzungusha kushoto kama alivyozoea. Ikakaza. Maji hayaji. Akarudisha mzunguko mmoja na nusu, watu wakaanza kupata ya kuchuruzika, simu za malalamiko zikapungua, akaandika kwenye daftari: imefunguliwa.

Valvu ya inchi 6 inataka mizunguko 20 hivi ifunguke yote. Mtaa mzima ulikuwa unakunywa kwenye upenyo wa kidole.

Tuliifungua taratibu, robo saa nzima, ili maji yasilipige bomba kwa kishindo. Jioni koki ya shule ikasoma bar 3.4. Saa 7 usiku napigiwa simu: mabomba mawili yamepasuka mtaa uleule, viungo vilishazoea maji ya unyonge. Asubuhi diwani akaja ofisini kutushukuru na kutugombeza, sijui alianza na lipi.

Sasa rudi kwenye swali lako. Ile modeli haikukosea hata siku moja. Ilikuwa inapiga kelele kwamba kuna bar 2.4 zimepotea kati ya tenki na shule, nenda katafute. Sisi tukaifumba mdomo kwa kubadilisha namba. Ukinunua pacha wa mamilioni na ukawa na tabia ileile, utamfumba mdomo huyo pia, tofauti ni kwamba atakuwa anameremeta.

Ningekuwa wewe, hela ya kwanza ingeenda kwenye zile dira 7 zilizokufa. Chagua tenki moja, eneo moja ambalo maji yanaingia kwa bomba moja na unaweza kuliziba pande zote. Tembea kila valvu ya eneo hilo kwa miguu, ichukue kwa GPS, na kwenye jedwali weka safu mbili: inafunga upande gani, na mizunguko mingapi toka mwanzo hadi mwisho. Wa kuhesabu awe mmoja na wa kuzungusha awe mwingine, maana anayezungusha huchoka akadanganya.

Mhandisi_wa_Zamu:

Mzee shikamoo. Hii ya C nimeisoma mara mbili nikaona aibu, modeli yetu ya 2014 ina mabomba ya plastiki yenye C ya 70, nami nilidhani ndivyo mshauri alivyopima.

Bado nina mawili. Presha hasi inatoka wapi? Na mgao: bomba la mtaa linakaa tupu siku mbili, linajazwa siku ya tatu. Huyo pacha anaelewa kitu hicho?

Mpemba_Uhispania:

Assalaam alaykum jamaa zangu. Nipo Valencia nasoma mambo ya maji, na hapa ndipo moja ya hizo skrini za kuonyeshwa kwenye projekta ilipozaliwa, kwa hiyo nichangie kidogo.

Presha hasi kwanza, hiyo rahisi. EPANET ya tangu zamani inamhesabia mteja maji yake yote hata kama presha haipo. Ukimwandikia mtu lita 500 kwa siku, itampa lita 500 hata kwa kulivuta bomba mpaka presha iwe chini ya sifuri. Toleo la 2.2 la mwaka 2020 lina namna ya pili ya kuhesabu, maji yanayomfikia mteja yapungue presha ikipungua. Badilisha hapo, weka presha ya chini kabisa na presha ya kutosha, uendeshe tena. Presha hasi nyingi zitaondoka na badala yake utaona ni mitaa gani haipati maji yake, jambo ambalo watu wa mitaa hiyo walishakwambia. Programu ni ya bure, shirika la mazingira la Marekani linaitoa tangu 1993.

Na hapa ndipo panapochekesha. Pacha wa Valencia anahudumia jiji na miji inayolizunguka, watu zaidi ya milioni 1.6, maji ya mto Turia na mto Júcar, mitambo miwili ya kusafisha, La Presa na El Realón. Kampuni ya maji ilimjenga pamoja na chuo kikuu cha ufundi cha hapa. Ukimfungua tumboni, injini ya mahesabu ni EPANET ileile unayoipakua bure. Thamani yake iko kwingine: kila mara anapokea usomaji wa dira, presha, pampu na matenki kutoka kwenye mtandao wenyewe, anajirekebisha, kisha mtu wa zamu anaweza kumuuliza, nikilifunga bomba hili saa 4 usiku, nani atakosa maji na maji yatageuka kupitia wapi? Hilo la kupokea ndilo linalomfanya awe pacha. Likiondoka, anabaki picha ya ndugu yake aliyepigwa mwaka 2014.

Lakini usisahau mambo yalifuatana vipi hapa. Dira na vituo vya kusomwa kwa mbali vilikuwepo kwanza, modeli ikazoeleka ofisini, pacha akaja mwisho. Na maji hapa hayakatiki.

Ndiyo maana swali lako la mgao ndilo zito. EPANET inaamini bomba limejaa maji muda wote. Haijui hewa. Bomba linapojazwa, ile hewa inayotangulia inazungusha dira za wateja, na bili inakuja ya upepo. Halafu maji yakifika, kila nyumba yenye simtanki inafungulia kwa pamoja. Unachokihesabu pale siyo kiu ya watu, ni ukubwa wa matenki yao. Ninachokushauri: modeli yako iendeshe kwa zile saa ambazo bomba limeshajaa tu, na kila simtanki kubwa iingize kama tenki dogo. Kipindi cha kujaza usikiguse kwa EPANET. Kuna watafiti wanakipigia hesabu kwa SWMM, programu ya mitaro ya mvua ya shirika hilohilo, kwa sababu yenyewe inajua bomba linaweza kuwa nusu tupu. Hiyo iache mpaka ukae vizuri.

Mtu_wa_Bonde:

Wadau, mimi niko Kenya, county moja ya Bonde la Ufa. Hapa kwetu WASREB, wasimamizi wa huduma za maji, kila mwaka wakitoa ripoti, maji yanayopotea ni zaidi ya asilimia 40 kitaifa, kwa hivyo hatuna haki ya kumcheka mtu.

Sisi tulifungiwa sensa 24 za kupima presha na mtiririko, na dashibodi, mradi wa mfadhili. Miezi ya kwanza ilikuwa raha. Siku moja asubuhi skrini ikaonyesha estate nzima ni sifuri. Presha sifuri, mtiririko sifuri. Simu zikapigwa, landcruiser ikatoka na mafundi sita na meneja mwenyewe. Tulipofika, mama mmoja alikuwa anaosha mtungi kwa bomba ya nje, maji yanaruka mpaka kwa barabara. Akatuuliza tumepotea?

Kumbe laini za simu zilizokuwa ndani ya hizo sensa zilisajiliwa kwa jina la kontrakta. Mkataba uliisha, akaacha kulipia bando. Sensa haikutuma kitu, na mfumo ukasoma kimya kama sifuri. Hakuna mtu alikuwa ameuambia tofauti ya "sina habari" na "hakuna maji".

Kwa hivyo ndugu yangu, kabla ya kusaini, uliza: laini ni za nani? Bando inalipwa kwa vote gani, yaani kifungu gani cha bajeti, mwaka wa tatu? Betri inakaa muda gani na inabadilishwa na nani? Zetu nane zilizama zikafa kwa sababu zile chemba hujaa maji ya mvua. Mbili ziliibwa, nasikia betri zinawasha redio vizuri. Na uliza kama modeli unaweza kuitoa kwa faili la kawaida la EPANET. Wakikuambia iko kwa seva yao na huwezi kuitoa, hapo hujanunua kitu, umekodi.

Valvu_ya_Kushoto:

Mtu_wa_Bonde umenikumbusha mbali. Betri zetu zilikuwa zinaishia kwenye taa za bodaboda.

Mhandisi, marahaba. Kitu kimoja nilikiacha, na ndicho kitakachompa mkurugenzi wako namba ya kwenda nayo kwenye bodi. Ukishaziba lile eneo moja na dira yake ikasoma, weka maji siku mbili mfululizo bila kukata, hata kama utawanyima wengine, waombe radhi. Usiku wa kwanza usiuhesabu, simtanki zinajaza. Usiku wa pili kaa na dira toka saa 8 hadi saa 10. Watu wamelala, simtanki zimejaa, maboya yamefunga. Kinachozunguka pale sehemu kubwa ni uvujaji. Ukisoma lita 6 kwa sekunde, hiyo ni uniti 518 (uniti ni lita 1,000) kwa siku zinaingia ardhini kwenye eneo moja tu. Zidisha na bei yako ya uniti. Mkurugenzi ataelewa hiyo kabla ya kuelewa rangi.

Halafu punguza presha usiku uone. Tundu kwenye bomba la chuma, uvujaji unafuata kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha presha, ukipunguza presha kwa nusu unabaki na kama asilimia 70. Lakini ufa kwenye plastiki unapanuka na kusinyaa na presha, hivyo ukishusha presha kidogo unavuna zaidi ya ulichoshusha. Mji wenye plastiki nyingi, valvu ya kupunguza presha inarudisha hela yake haraka kuliko skrini yoyote.

Phnom Penh, Kambodia, mwaka 1993 walikuwa wanapoteza asilimia 72 ya maji. Walishuka mpaka karibu 6. Yule mkurugenzi wao, Ek Sonn Chan, alianza kwa dira kwa kila mteja, mabomba mapya, timu ya usiku ya kusikiliza mavujo, na kukatia wakubwa wasiolipa. Jenerali mmoja alimwekea bunduki kichwani alipokwenda kumfungia dira. Sisemi pacha hana kazi. Nasema hata huyo pacha akikuonyesha kwamba nyumba ya jenerali haina dira, atakayekwenda kugonga geti bado ni wewe.

Nati_Bolti:

Mzee kamaliza. Hapo kwenye jenerali ndipo wengi tunapoomba uhamisho.

Mhandisi_wa_Zamu:

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa na mrejesho kidogo.

Nimemweleza mkurugenzi. Hakufurahi, lakini ile hesabu ya uniti 518 niliiandika na bei yetu pembeni, akaiangalia muda. Kakubali bajeti ya mwaka huu iwe dira 7 na valvu mbili za kupunguza presha, skrini isubiri. Kwenye kifungu cha mwaka kesho kaniruhusu kuandika "mfumo wa usimamizi wa mtandao" bila jina la kampuni. Bado anaisema ile projekta kila akiniona.

EPANET nimehamia 2.2. C zote za plastiki nimezirudisha 140. Modeli sasa inapingana na geji sehemu tatu, na safari hii nimezizungushia kalamu nyekundu sijagusa namba.

Yule fundi aliyestaafu tumempata, ana duka la vifaa vya bomba karibu na stendi. Kakubali kuzunguka nasi kwa posho na soda. Eneo la tenki la pili lina valvu 23 kwenye ramani yangu. Tumezipata 17, na 2 kati ya hizo zinafunga kushoto. Tano ziko chini ya lami mpya, hizo tutazitafuta kwa kifaa cha kutambua chuma tukikiazima. Iliyobaki, yeye anasema anaijua vizuri, aliifunga mwenyewe mwaka 1998 wakati pale ni shamba la mihogo. Sasa iko chini ya sebule ya mtu. Kesho saa 3 tunaenda kupiga hodi.